Somo la Usanifu kwa Njia ya Tatizo: Programu ya Simu ya Kuchajia Pikipiki za Umeme

Makala haya yanaeleza somo moja lililofundishwa mara mbili. Mara ya kwanza lilishindwa, na kosa lilikuwa langu. Mara ya pili lilikwenda vizuri zaidi, ingawa halikumalizika. Lilifundishwa Liuli, pwani ya Ziwa Nyasa, nilipokuwa msimamizi wa walimu-wanafunzi kumi na wawili waliopangwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari ya huko. Nimeona yafaa niyaandike yote mawili, kushindwa na kufanikiwa, kwa sababu aghalabu katika majarida yetu ya ualimu tunasoma masomo yaliyofaulu tu, na mwalimu kijana akishindwa darasani hudhani yeye ndiye wa kwanza.

Mada yenyewe huenda ikamshangaza msomaji. Tulijiwekea kazi ya kusanifu upya programu ya simu ya kumsaidia dereva wa pikipiki ya umeme kupata kituo, kuchaji betri na kulipa. Liuli hatukuwa na kituo cha namna hiyo cha kwenda kukitazama, na pikipiki za barabara ile zilikuwa za petroli. Lakini jambo lenyewe liko karibu kuliko tunavyofikiri. Mjini Kigali kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019 kazi ya kuwabadilishia madereva betri zilizokwisha kwa betri zilizojaa. Nairobi mabasi ya umeme ya BasiGo yaliingia barabarani mwaka 2022, na mwezi Aprili 2023 Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri: shilingi 16 za Kenya kwa uniti saa za matumizi makubwa, na shilingi 8 saa za matumizi madogo. Hapa kwetu bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, liliwasha mtambo wake wa kwanza Februari 2024, na Songea iliunganishwa na gridi ya Taifa kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Mtoto aliye kidato cha kwanza leo ataviona vyombo hivi akiwa bado kijana. Tena mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, umeleta mkondo wa amali, nao unamtaka mwanafunzi atengeneze kitu, si kukariri majina ya vitu.

Andalio la kwanza na kasoro yake

Nilianza kama wengi wetu tunavyoanza. Nilichapisha picha za programu moja ya ng'ambo ya kuchajia magari, nikaibandika ubaoni, nikawaambia walimu-wanafunzi: "Hii ina kasoro. Igawanyeni kwa makundi, kila kundi liisanifu upya." Basi wakachukua rangi. Baada ya dakika themanini nilikuwa na michoro minne mizuri sana, kila mmoja ukiwa na ramani, nembo, na alama ya radi ya manjano. Kundi moja lilikuwa limeweka picha ya twiga. Niliridhika, na nilikuwa tayari nimeanza kutoa alama.

Kwa bahati nilikuwa nimemwalika dereva mmoja wa bodaboda, kijana anayebeba abiria kati ya Liuli na Mbamba Bay, aje kuitazama kazi. Alikaa mbele kwa adabu, akaisikiliza michoro yote minne ikielezwa. Mwishowe mwalimu-mwanafunzi mmoja akamwuliza, "Kaka, umeionaje?"

Akajibu, "Nzuri, mwalimu. Ila samahani, naomba kuuliza. Nimefika hapo kituoni, nimelipa shilingi elfu mbili, nimechomeka. Betri haijafika hata robo, umeme umekatika. Hela yangu iko wapi?"

"Itarudishwa," akajibiwa.

"Itarudishwa lini? Na mimi nitajuaje kwamba imerudi?"

Darasa likanyamaza. Katika michoro minne hapakuwa na kioo hata kimoja kilichoeleza hali ya umeme kukatika, ingawa siku ile ile tulikuwa tumefundisha asubuhi bila ya taa. Akaongeza, bila ya kukusudia kutuaibisha, kwamba simu yake ni ile ndogo ya vibonyezo, kitochi, kwa kuwa simu kubwa aliiangusha ziwani. Ramani ingemsaidia nini?

Kasoro haikuwa ya walimu-wanafunzi. John Dewey aliandika tangu mwaka 1916, katika kitabu chake cha Democracy and Education, kwamba kufikiri huanzia kwenye tatizo ambalo mwanafunzi mwenyewe analihisi. Mimi niliwapa jibu la watu wengine, yaani zile picha ubaoni, nikawataka walirembe. Wakaliremba. Kadhalika Pólya, katika mafundisho yake ya kutatua maswali ya hisabati yaliyochapishwa mwaka 1945, aliweka kulielewa swali kuwa hatua ya kwanza, kabla ya kupanga, kabla ya kutenda, na kabla ya kuyatazama upya yaliyotendwa. Sisi tuliruka hatua hiyo tukaanzia kwenye rangi.

Meza ya kuchajia simu

Kanuni ya kale ya ualimu yasema tuanze na kinachojulikana twende kisichojulikana. Jioni ile nilijiuliza: ni nani hapa Liuli ambaye tayari anaendesha kituo cha kuchaji? Jibu lilikuwa sokoni. Kabla ya nyaya za umeme kuvifikia vijiji vyetu, na hata sasa siku umeme unapokatika, yupo mwenye duka aliye na paneli ya sola juu ya bati na meza iliyojaa simu za watu. Huyo amekwisha kuyatatua matatizo yetu mengi, wala hakuandika kitabu.

Siku ya pili niliwatuma walimu-wanafunzi wawili wawili, bila ya karatasi za kuchorea. Kazi yao ilikuwa kutazama na kuuliza tu. Waende kwa wenye meza za kuchaji, waende kwa wavuvi wa usipa wanaochaji betri za taa, waende kijiweni kwa madereva. Walirudi na mambo ambayo nisingeweza kuyaandika katika andalio lolote.

Kwanza, kadi. Mwenye duka huandika namba juu ya vipande viwili vya boksi; kimoja hufungwa kwenye simu, kingine hupewa mwenye simu. Hakuna jina wala nywila. Pili, malipo. Mama mmoja, baada ya kuamkiwa shikamoo na kuwapa vijana wetu kigoda, aliwaambia kwamba yeye hupokea fedha mtu anapokuja kuichukua simu, si anapoileta. Walipouliza sababu alisema, "Mwanangu, nitamtozaje mtu umeme ambao hakuupata? Jua likizama mapema, simu yake ni nusu. Analipa nusu." Hilo ndilo lilikuwa jibu la swali la dereva, nalo lilikuwa limekaa sokoni miaka yote.

Tatu, foleni. Mzee mmoja mvuvi aliwaeleza kwamba usipa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi mingi hupumzika. Kwa hiyo siku za giza betri hujaa mezani tangu asubuhi, na siku za mwezi mpevu meza huwa tupu. Hapa walimu-wanafunzi wa jiografia walishtuka. Kule Kenya bei ya umeme wa vyombo hupanda na kushuka kwa saa za mchana na usiku. Liuli mahitaji ya kuchaji hufuata pia mwezi wa angani. Mtu akisanifu programu yenye kupanga zamu bila ya kulijua hilo, atashangaa kwa nini wiki moja kituo kinalemewa na wiki nyingine hakina mtu.

Hesabu ndani ya somo

Sikutaka somo liwe la mazungumzo matupu. Tulitenga vipindi viwili vya hesabu na fizikia, maana programu nyingi huwadanganya watu kwa hesabu mbovu.

Tulichukua mfano wa betri ya uniti 3 (uniti moja ni kilowati-saa moja, kama inavyosomwa katika mita ya Luku) na chaja ya wati 750. Wanafunzi walipata upesi: 3,000 kugawanya kwa 750 ni saa 4. Ndipo tukauliza kama dereva akiwa na robo tatu ya betri atasubiri saa moja kamili. Kwa hesabu, ndiyo. Kwa betri yenyewe, hapana. Betri ya lithiamu inapokaribia kujaa, mkondo unaoingia hupunguzwa ili isidhurike, na sehemu nyingine ya umeme hupotea kwa joto. Asilimia za mwisho huchukua muda mrefu kuliko za kati. Programu inayogawanya kwa usawa itaandika "dakika 20 zimebaki" na kuendelea kuyaandika hayo hayo mpaka abiria aondoke na pikipiki nyingine. Makundi yaliafikiana kwamba ni heri kuandika "imetosha kwa safari" inapofika asilimia 80 kuliko kumfunga mtu kituoni akisubiri 100.

Hesabu ya pili ilihusu mlima, na hii ndiyo iliyowagusa zaidi wanafunzi wa sekondari. Kila mtoto wa pwani ya Nyasa anaijua safari ya kupanda kutoka ziwani kwenda Mbinga, ile barabara ya lami ya kilometa 66 kutoka Mbamba Bay yenye kona nyingi. Tuseme pikipiki, dereva, abiria na mzigo vina uzito wa kilo 250, na mwinuko ni mita 800. Kazi ya kuupanda mlima peke yake ni 250 × 9.8 × 800, yaani jouli 1,960,000. Ukigawanya kwa 3,600,000 unapata karibu uniti 0.54. Hiyo ni asilimia 18 ya betri yetu ya uniti 3, kabla ya kuhesabu upepo, msuguano wa magurudumu na hasara ya mota. Kwa hiyo kioo kinachosema "kilometa 40 zimebaki" kwa kutumia hesabu ya tambarare kinaweza kumwacha dereva gizani katikati ya kona. Kijana mmoja wa kidato cha pili akapendekeza programu iulize "Unapanda au unashuka?" Sijaona pendekezo hilo katika zile picha za ng'ambo nilizobandika ubaoni.

Kuhusu gharama, sikuwapa bei. Niliwaambia kila mmoja alete risiti ya umeme ya nyumbani, agawanye fedha iliyolipwa kwa uniti zilizopatikana. Majibu yalitofautiana, na ubishi uliofuata juu ya sababu za tofauti hizo ulifundisha kodi, tozo na makundi ya wateja kuliko ambavyo ningeweza mimi.

Neno "Tayari"

Nimefundisha Kiswahili kwa miaka kadhaa, lakini sikutegemea kwamba somo la umeme lingenipa kipindi bora cha sarufi maana. Kundi moja liliandika juu ya kioo neno TAYARI. Tulipowaonyesha watu watatu, dereva mmoja alielewa kwamba kituo kiko tayari, achomeke, wa pili alielewa kwamba betri imekwisha kujaa, achomoe, wa tatu aliuliza, "Tayari nini?" Wote watatu walikuwa na haki. Neno hilo hubeba maana ya kuanza na ya kumaliza, na katika mazungumzo hali ya mahali ndiyo hutuamulia. Kioo hakina hali ya mahali.

Neno WAZI nalo likatuangusha vilevile. Kituo kikiwa wazi, je, mwenyewe amefungua, au plagi haina mtu? Baada ya mjadala mrefu tuliacha majina ya sifa tukachukua vitenzi vyenye nafsi: "Chomeka sasa." "Inachaji." "Imejaa, chomoa." "Plagi ina mtu." Vilevile tulikataa kuandika "Hitilafu", neno ambalo humwogofya mtu lisimweleze la kufanya, tukaweka "Umeme umekatika. Umepata uniti 0.6. Utalipia hizo tu."

Hapa niliwaletea jambo kutoka kwa wataalamu. Ipo kanuni ya mawasiliano kati ya vituo vya kuchajia na mitambo ya usimamizi, ifupishwayo OCPP, iliyoanzia Uholanzi. Katika toleo lake la 1.6, plagi moja yaweza kuwa katika hali tisa: haina mtu, inaandaliwa, inachaji, imesimamishwa na chombo, imesimamishwa na kituo, inamalizia, imewekwa akiba, haitumiki, au ina kasoro. Programu nyingi huzibana hali hizo zote katika rangi mbili, kijani na nyekundu. Niliwagawia makundi hali tisa zilizoandikwa juu ya kadi, wakatakiwa kila moja waiandikie sentensi ambayo bibi yao angeielewa. "Imesimamishwa na chombo" ndiyo iliyowatoa jasho. Mwishowe wakaandika: "Pikipiki yako imekataa umeme. Huenda imejaa au ina joto. Itazame." Kwa maoni yangu zoezi hilo peke yake lingetosha kuwa somo zima la utunzi.

Kioo cha karatasi

Shule haikuwa na kompyuta za kutosha, wala hatukuzihitaji. Kila kioo kilichorwa juu ya karatasi yenye ukubwa wa simu. Mwalimu-mwanafunzi mmoja hujifanya mashine: mtumiaji akigusa kitu kwa kidole, "mashine" huondoa karatasi moja na kuweka nyingine. Sharti ni moja tu, mashine haisemi. Wasanifu wa programu za kompyuta wamezoea njia hii tangu miaka ya 1980, na Jakob Nielsen, mtaalamu wa fani hiyo, ameshauri kwamba kujaribu na watu watano hufichua sehemu kubwa ya kasoro. Mwalimu asiye na fedha asiidharau.

Sharti la kunyamaza lilikuwa gumu mno. Walimu wamezoea kueleza, mtumiaji akikwama sekunde tatu, mashine yetu ilianza kunong'ona, "Bonyeza hapo chini, kaka." Ikabidi nimweke mtu wa pili nyuma ya kila mashine, kazi yake kumgusa bega inapofungua kinywa. Nadhani zoezi hili lingefaa hata kwa mwalimu asiyefundisha usanifu, maana linamfunza kumwona mwanafunzi akihangaika bila ya kumnyang'anya tatizo lake.

Kwa ajili ya wenye kitochi tulitengeneza njia ya pili isiyo na picha. Watanzania wamekwisha kuizoea menyu ya nyota na reli kwa kutuma fedha, tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008. Basi menyu yetu ilikuwa na mistari minne tu. Nilikataa mstari wa tano, na sababu niliyowapa ni kwamba mtu husoma menyu hiyo juani, akiwa na mkono mmoja.

Penye mtandao hafifu

Niliwasimulia pia kisa cha mahali pale pale. Liuli Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya lile jabali. Mnamo Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Gwendolen ya Waingereza ikaja ikaifyatulia mzinga na kuiharibu. Inasimuliwa kwamba nahodha wa Kijerumani hakuwa amepata habari kwamba vita vimeanza. Niliuliza: dereva wetu akiwa mahali ambapo habari huchelewa, programu yetu itamwambia nini?

Kundi moja likakumbuka Luku. Mita ya Luku haihitaji mtandao. Mtu hununua umeme mahali pengine popote, akapata tarakimu 20, akaziingiza kwa vibonyezo, na mita ikazielewa yenyewe. Tarakimu hizo mara nyingi huandikwa nne nne, na hilo si bure: tangu makala ya George Miller ya mwaka 1956 wanasaikolojia wamefundisha kwamba kumbukumbu ya muda mfupi huchukua mafungu machache tu kwa mara moja, na namba ndefu hubebeka ikigawanywa. Kwa nini basi kituo cha pikipiki kisipokee namba kama hizo? Darasa zima lilishangilia. Dereva akija na namba yake, mtandao uwepo usiwepo, atachaji.

Ndipo msichana mmoja wa kundi jingine, ambaye hakuwa amesema lolote tangu asubuhi, akanyoosha mkono. "Mkufunzi, kama kituo hakina mtandao, kitamwambia nani kwamba umeme ulikatika? Ile nusu ya hela itarudije?"

Alikuwa amegusa penyewe. Kulipa kwanza kwa namba hushinda mtandao mbaya, lakini huvunja ahadi ya yule mama wa sokoni. Kulipa mwishoni huitimiza ahadi, lakini hudai mtandao. Tulijaribu njia ya kati: dereva huweka amana, na umeme ukikatika kituo humwonyesha namba ya marejesho aiandike, akaitume baadaye akipata mtandao. Tulipoijaribu kwa karatasi, watu wawili kati ya watano hawakuiandika namba hiyo. Mmoja alisema alidhani ni ya matangazo. Mwingine alisema hakuwa na kalamu, na nani hubeba kalamu juu ya pikipiki?

Juu ya kutoa alama niseme kidogo. Sikutoa alama kwa uzuri wa mchoro hata mmoja safari hii. Nusu ya alama ilikwenda kwenye daftari la maswali waliyoyaleta kutoka sokoni na kijiweni, na robo kwenye kasoro walizoziona wenyewe katika kazi yao na kuzirekebisha. Robo iliyobaki nilimwachia dereva wa bodaboda agawe apendavyo, kwa mawe madogo ndani ya makopo manne. Kundi la twiga lilipata mawe mengi kuliko yote, kwa kuwa ndilo lililofuta kila kitu likaanza upya.

Karatasi za vioo, pamoja na ile ya namba ya marejesho yenye alama nyekundu, zimo ndani ya bahasha katika kabati la idara. Kundi litakalopangwa Liuli mwaka ujao litapewa bahasha hiyo siku ya kwanza, pamoja na swali la kalamu.